Jina limechafuka, nifanyeje? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Dodoma

Ukurasa huu nimeuandika kwa ajili ya watu wanaonipigia simu usiku kuomba ushauri jina lao likichafuka. Wengi ni wa hapa mjini: mshereheshaji aliyeropoka mbele ya wageni, fundi cherehani aliyekula hela ya sare za kwaya, mtumishi aliyerekodiwa akimfokea mwananchi dirishani, kijana wa chuo ambaye video yake imefika mpaka kijijini kwao Kondoa kabla yeye hajaamka. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyaweka pamoja.

Mimi nilikuwa mpishi wa sherehe. Nilichafua jina langu kwa mdomo wangu mwenyewe, na kulirudisha kulinichukua miaka. Ninachokijua nimekijua kwa njia hiyo. Jambo moja utaliona likijirudia humu: anza na aliyeumia, ndipo uje kwa waliotazama. Karibu kila anayenipigia ameanza kinyume.

Video inazunguka sasa hivi na simu haikatiki. Nianze na nini?

Usijibu kitu kwa saa chache. Sisemi siku tatu, nasema saa chache. Iache simu kwenye chaji chumba kingine, chukua kalamu na daftari, andika mambo manne: nilisema au nilifanya nini hasa, nani ameumia, nani alikuwepo, na lipi katika yanayosemwa si kweli. Andika kwa mkono. Nimeona mara nyingi kwamba mtu akiwa na simu mkononi anaandika utetezi, na utetezi wa saa ya kwanza ndio unaokuja kusambaa kuliko kosa lenyewe.

Ukimaliza, piga simu kwa watu watatu au wanne ambao habari itawagusa: mwenzi wako, mzazi, mkuu wako wa kazi, mwenzako wa biashara. Mama yako alisikie kwako, asilisikie kwa jirani anayeingia na simu mkononi akisema "shoga, hebu ona". Maneno yawe machache: "Mama, kuna jambo nimefanya, utalisikia leo. Kuna sehemu ni kweli. Nitakuja jioni nikueleze."

Akaunti zako usizifunge. Watu watasema umekimbia, na mbaya zaidi, mwingine anaweza kufungua akaunti kwa jina na picha yako akaanza kukujibia.

Nifute nilichoandika?

Kama kinaendelea kumuumiza mtu, kifute, kisha useme wazi kwamba umekifuta na kwa nini. WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe kwa watu wote ndani ya siku mbili na nusu hivi, na kuuhariri ndani ya dakika 15 tu. Lakini kama grupu lina watu mia mbili, hesabu kwamba yupo aliyekwisha kupiga picha ya skrini. Unafuta kwa heshima ya uliyemuumiza. Kama unafuta ili usionekane, umechelewa.

Angalizo moja: kama jambo limeshafika polisi au kwenye kamati ya nidhamu, baki na nakala ya kila kitu kabla hujafuta. Utaulizwa.

Mimi si msanii wala mwanasiasa. Hili la "brandi" linanihusu nini?

Liite jina, ndivyo tunavyosema huku. Dereva wa bodaboda ana jina, mama lishe ana jina, mhasibu wa kikoba ana jina. Tena Dodoma ya sasa jina lina kazi kubwa kuliko zamani. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016 mji umejaa watu waliotoka kwingine. Mtu amepangishwa Ilazo au Nzuguni, ofisi yake iko Mtumba, hamjui fundi bomba, hamjui mpishi, hamjui mwalimu wa twisheni. Anachofanya ni kuuliza kwenye grupu la ofisini: "Jamani, mnamjua mtu mzuri wa kazi hii?" Chakula chako kinatokana na jibu la swali hilo, na wewe hupo kwenye grupu hilo.

Radhi inayosikika inakuwaje?

Inataja kosa kwa jina lake. Inamtaja aliyeumia kama yeye mwenyewe ameridhia kutajwa. Inasema utafanya nini, lini. Inaishia hapo.

Isiyosikika nayo ina dalili zake. "Kama kuna mtu amekwazika" ni ya kwanza. Unajua fika kuna aliyekwazika, ndiyo maana unaandika. "Nilinukuliwa vibaya", na sauti ni yako. "Sisi sote ni binadamu", ukimgawia msomaji kosa lisilo lake. "Shetani alinipitia" wengi wanaisema kwa nia njema, lakini anayesikiliza anaelewa kwamba mkosaji ni shetani na wewe ulikuwa barabara tu. Halafu kuna "lakini". Radhi ikishaingia "lakini", watu husoma yanayofuata peke yake.

Chukua fundi wa sare za kwaya. Alichoniletea kukikagua kilikuwa hivi: "Nawaomba radhi wote waliopata usumbufu kutokana na changamoto zilizokuwa nje ya uwezo wangu." Nikamuuliza changamoto gani. Akanyamaza, kisha akasema hela ya vitambaa aliilipia kodi ya nyumba. Tukaandika upya:

"Wanakwaya, mlinipa laki nne na nusu za vitambaa mwezi wa sita. Sikununua vitambaa. Hela niliitumia kwa shida yangu bila kuwaambia, na mmeimba siku ya sherehe bila sare. Nimekosa. Jumamosi hii namletea mweka hazina laki moja na nusu, na kila mwisho wa mwezi kiasi hicho hicho mpaka iishe. Ushonaji wa sare hizo sitalipwa."

Alitetemeka kuituma. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama, na kuchutama ndiko huku: unajua umeonekana, unashuka chini, husimami wima kuanza kubishana na macho ya watu.

Nimfuateje niliyemkosea?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aanze nalo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 2016 nilipokea sherehe mbili Jumamosi moja. Tamaa. Kwenye ukumbi wa pili, maeneo ya Kisasa, chakula kilichopaswa kufika saa mbili usiku kilifika saa nne, na pilau likaishia katikati. Meza sita za nyuma zilikula wali mweupe na kachumbari. Kesho yake mama wa bibi harusi aliandika kwenye grupu la kamati maneno mawili: "Mwanangu, umetuaibisha." Hakutukana. Mimi nikajibu kwa ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini na saba. Nilisema mchango wao ulikuwa mdogo, nikasema walitaka pilau kwa hela ya chai. Jioni sauti ile ilinirudia mwenyewe kwenye grupu jingine kabisa, la wazazi wa shule. Ndani ya wiki mbili sherehe tano zilivunja miadi. Soko la Majengo, wauza vitunguu walioninyenyekea wiki moja kabla walianza kuniita Hela ya Chai.

Nilijitetea, kisha nikaomba radhi kwenye stetasi kwa siku saba mfululizo, na maua, na aya za Biblia. Siku ya nane shangazi yangu akaniuliza, "Unamwomba nani? Uliyemtukana namba yako ameshaifuta."

Alinipeleka yeye. Hatukwenda kugonga mlango. Kwanza alimtafuta mzee mmoja wa mtaa wao, Ipagala, anayeheshimiwa na pande zote, akamwomba aulize kama tunaweza kupokelewa. Jibu lilikuja baada ya siku nne: Jumamosi, saa tatu asubuhi. Tulikwenda watatu, bila zawadi ya mbwembwe. Mkononi nilikuwa na bahasha ya laki tatu, sehemu ya kwanza ya laki tisa nilizopanga kuzirudisha.

Mama yule alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele kwenye ungo. Nilimwamkia, akaitikia kwa kichwa, mikono haikusimama. Nikasema: "Mama, nilichukua kazi mbili siku moja kwa tamaa. Wageni wako wamelala njaa kwa ajili yangu. Halafu nikakutukana mbele ya watu wakati wewe hukunitukana. Nimekuja kukuambia hivyo, na kurudisha fedha." Hakusema kitu. Ungo ulikuwa unapepeta, mawe madogo anayatupa pembeni. Mume wake alichukua bahasha, akahesabu, akachana karatasi ya daftari, akaandika kiasi na tarehe, tukatia saini wote wawili. Tukaaga.

Nimesimulia yote ili uone mpangilio. Mtangulize mtu mzima anayekubalika kwao: mzee wa mtaa, balozi wa nyumba kumi, shehe, mchungaji, shangazi. Subiri waseme siku. Nenda na kitu halisi cha kurekebisha hasara. Sema ulichofanya, usieleze ulivyokuwa umechoka. Usiombe kusamehewa papo hapo, maana unamlazimisha mtu akupe jibu mbele ya wageni. Na nakuomba sana, usiende na kamera. Nimeona mtu amepeleka kijana wa kurekodi "ili ushahidi uwepo". Familia ile ilijiona imetumika mara ya pili, na walikuwa sahihi.

Radhi ya hadharani nayo ni lazima?

Iende mpaka pale kosa lilipofika, isizidi. Ulimtukana mtu kwenye grupu la kikoba, omba radhi kwenye grupu hilo hilo. Ukiipeleka Instagram unawapa habari watu elfu tano ambao hawakuijua. Ulisema kwenye kipaza sauti, sema kwenye kipaza sauti. Kosa la chumbani limalizwe chumbani.

Nisimame kanisani au msikitini nikiri?

Ongea na kiongozi wako wa dini kwanza, faragha. Yeye anajua waumini wake. Ukiona unataka kusimama kwa sababu kutakuwa na watu wengi, subiri.

Kuna mtu mkubwa aliyewahi kuanguka jina lake likasimama tena?

Wapo, na habari zao zinafundisha mambo tofauti.

Miaka ya 1970 watu waliokamatwa Shinyanga na Mwanza wakati wa msako wa wauaji waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumgusa mtu yeyote. Alijiuzulu kwa sababu waliofanya walikuwa chini ya wizara yake. Baadaye akapelekwa kuwa balozi Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Watu wanapoitaja habari hii hupenda kurukia Ikulu. Mimi huwa nawarudisha kwenye ile miaka ya katikati. Alikaa kimya akafanya kazi aliyopewa, mbali na nyumbani, na lile la kujiuzulu ambalo lilionekana kama mwisho wake likawa ndilo watu walilomkumbuka nalo kwa heshima.

Habari nyingine ni ya hapahapa kwetu. Mwishoni mwa Desemba 2021, Job Ndugai, Spika wa Bunge na mbunge wa Kongwa, alizungumza Dodoma kwenye mkusanyiko wa Wagogo kuhusu mikopo ya Serikali. Kipande cha video kikasambaa. Tarehe 3 Januari 2022 aliomba radhi mbele ya waandishi wa habari, na tarehe 6 Januari akajiuzulu uspika. Ubunge wa Kongwa aliendelea nao, na alipofariki Agosti 2025 watu wengi walimlilia. Simtaji marehemu kumhukumu kwa aliyoyasema. Wapo wanaoamini hakuwa na la kuombea radhi. Ninachotaka uone ni kwamba radhi haikukiokoa kiti, na majina yalikuwa mawili. Lile la kitaifa lilitikisika kwa siku chache. Lile la nyumbani, lililojengwa kwa miaka na watu wanaomjua kwa sura, lilimpokea. Nikikutana na mtu anayetaka kuomba radhi ili asipoteze cheo, namwambia ajiandae kupoteza cheo, kisha ajiulize kama bado anataka kuomba radhi. Akisema ndiyo, tunaandika.

Mimi ni mtumishi wa umma, nimerekodiwa nikimjibu mwananchi vibaya.

Usitoe tamko lolote kabla ya kuongea na msimamizi wako. Kuna kanuni za maadili na taratibu za nidhamu, na maneno yako ya mtandaoni yatawekwa kwenye jalada. Ukipewa hati ya mashtaka, jibu kwa maandishi ndani ya muda uliopangwa, usipuuze. Usiporidhika na uamuzi, zipo ngazi za rufaa, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma.

Kwa mwananchi yule, omba ofisi ikuruhusu kumwita. Dada mmoja wa dirishani alimtafuta mzee aliyemfokea, mkulima aliyetoka Bahi, akamhudumia mwenyewe mpaka hati yake ikatoka. Hakuna aliyerekodi hilo. Mzee ndiye aliyekwenda kusimulia.

Nasoma chuo, kuna video yangu ya aibu. Nitapata kazi?

Wengi wanapata. Walioajiri watu wengi wameona mengi. Kinachowatisha ni kijana anayeulizwa na kuanza kukana. Kwenye usaili usianzishe wewe, ukiulizwa, jibu kwa sentensi tatu: "Ni mimi. Nilikuwa mwaka wa pili, nilimdhihaki mwenzangu kwa kabila lake, nilimfuata nikamwomba radhi. Tangu hapo nimeongoza kikundi cha kujisomea ambacho yeye mwenyewe yumo." Kisha nyamaza, subiri swali linalofuata. Bila shaka hiyo sentensi ya tatu lazima iwe kweli, na ndiyo kazi ya miaka uliyobaki nayo chuoni.

Nikitafuta jina langu Google inakuja habari ile ile tu. Inaondoka?

Habari ya kweli iliyoandikwa na chombo cha habari kwa kawaida haiondoki, na anayekuahidi kuiondoa kwa malipo anakula hela yako. Yapo mambo manne unayoweza kufanya.

Google wenyewe hupokea maombi ya kuondoa kwenye matokeo vitu kama namba yako ya simu, anwani ya nyumbani na namba za vitambulisho. Kama ukurasa ulishabadilishwa au kufutwa na matokeo bado yanaonyesha ya zamani, nalo unaliomba.

Kama habari ilikosea, au iliandikwa ulipokamatwa na haikuandikwa ulipoachiwa huru, mwandikie mhariri kwa adabu, ambatanisha hukumu, omba waongeze taarifa hiyo. Usiombe wafute. Ombi la kuongeza ni jepesi kukubaliwa.

Kama taarifa zako zimeshikiliwa na taasisi au kampuni na si sahihi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kuomba zirekebishwe. Wakikaidi, unapeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

La nne linachelewa lakini ndilo linalobaki: ziwepo kurasa nyingine zenye jina lako. Andika kuhusu kazi yako, kwa jina lako kamili, jambo ambalo mtu anaweza kulitumia. Fundi umeme aandike jinsi ya kusoma mita ya LUKU na kujua kinachokula umeme. Mkulima wa zabibu wa Hombolo aandike anavyopogoa. Mashine ya kutafuta inaleta kinachosomwa na kuunganishwa na wengine. Kwa muda mrefu jina lako lilikuwa na ukurasa mmoja tu wa kuleta.

Na kama ninayosingiziwa ni uongo mtupu?

Hapo hujakosa, na njia ni nyingine. Hifadhi picha za skrini zikiwa na tarehe, jina la akaunti na kiungo cha ukurasa. Mwandikie aliyeweka, mara moja, ukimtaka aondoe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa uchapishaji wa taarifa za uongo na unyanyasaji wa mtandaoni, kwa hiyo unaweza kwenda polisi, na kashfa unaweza kuifungulia shauri mahakamani. Kama huna hela ya wakili, watafute watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ustawi wa jamii wilayani watakuelekeza.

Ila kama nusu ni kweli, ikiri hiyo nusu kwanza. Nimeona watu wakitishia mahakama kwa kosa la herufi moja huku kiini cha habari ni kweli, na tishio lenyewe ndilo lililosambaa.

Kama ni picha zako za faragha zinazotumiwa kukutisha, usilipe. Nenda polisi. Kwa aliyetimiza miaka 18, upo mfumo uitwao StopNCII unaotengeneza alama ya kidijitali ya picha bila picha yenyewe kutoka kwenye simu yako, na mitandao mikubwa iliyojiunga nao huitumia alama hiyo kuizuia isipandishwe.

Nimlipe mtu maarufu anisafishe? Au nitengeneze kiki nyingine watu wasahau?

Hapana, kwa yote mawili.

Nibadilishe jina la biashara?

Kubadilisha jina BRELA, kwa wasajili wa biashara, kunawezekana, na kuna wakati inafaa, kwa mfano mmeachana na mwenza aliyefanya kosa. Lakini kama mpishi ni wewe, ukumbi ni ule ule na sufuria ni zile zile, watu watagundua baada ya sherehe moja, na sasa watakuwa na habari mbili za kusimulia.

Wananitania kila nikipita. Nijibu nini?

Cheka kama unaweza, usianzishe ugomvi, usijieleze. Huku kwetu kutaniwa mara nyingi ni dalili kwamba bado wanakuhesabu kuwa mwenzao, anayetengwa hataniwi. Wauza vitunguu waliponiita Hela ya Chai nilianza kuitika. Mmoja wao alinishika mkono akasema, "Haya, njoo uchukue vitunguu, utalipa kesho." Sikulala usiku ule kwa furaha, kwa sababu alikuwa ameniamini kwa ndoo mbili.

Utani wa aina hiyo uutofautishe na mtu anayekutisha au kukufuata mpaka nyumbani. Huyo hakutanii.

Sili, silali, naona aibu hata kutoka nje.

Aibu kali inaumiza mwili. Usibaki peke yako usiku. Mwambie mtu mmoja alale karibu. Ukianza kuwaza kujidhuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kama huwezi kwenda mwenyewe mwambie mtu akupeleke. Tuna bahati kubwa hapa Dodoma: Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ipo hapahapa mjini. Najua jina lake limegeuzwa tusi, "huyu wa Mirembe". Inaniuma, kwa sababu nimekaa pale kwenye benchi na mteja wangu, mwanaume mzima, mwenye tai, akisubiri kuitwa, na daktari alimsikiliza kuliko sisi wote tulivyomsikiliza mwezi mzima.

Inachukua muda gani?

Hakuna tarehe. Angalia dalili ndogo. Mtu anapokupa kazi bila kukutajia kosa. Anapokutumia malipo ya awali bila kukuomba risiti mara tatu. Mtu usiyemjua anaposema "nimeelekezwa kwako".

Kwangu mimi miezi ya kwanza nilipika kwenye misiba ya mtaani, bila malipo, pale akina mama waliponikubalia. Sikupewa sufuria kubwa. Nilipewa kuosha mboga, kisha kukatakata, kisha mlenda, na msiba wa nne ndipo nikasimamia wali. Hakuna aliyetangaza. Baada ya miezi kumi na minne kamati ya harusi ya watu mia na hamsini ilinilipa nusu ya fedha mapema. Siku hiyo nilichukua kazi moja tu, na nilifika ukumbini saa nane mchana.

Niliyemkosea amekataa kunisamehe. Nimeshafanya yote.

Deni la fedha lina mwisho, hili lingine mwenye nalo ni yeye. Maliza ulichoahidi hata kama hajibu. Usiendelee kumtumia ujumbe, usimtume tena mzee, usiseme kwa watu "nimemwomba mara ngapi sasa". Msalimie mkikutana, upite.

Zile laki tisa nilizimaliza kwa miezi mitatu, na kila mara ni mume wake aliyetia saini. Baada ya siku ile ya kwanza mama hakutoka tena nje. Ilipita miaka miwili. Siku moja ya msimu wa zabibu, nipo Majengo nachagua vitunguu, nikamwona amesimama kwenye meza ile ile, kikapu mkononi. Nilitaka kugeuka. Nikapiga goti kidogo, nikasema, "Shikamoo, mama."

Alinitazama muda mrefu kidogo.

"Marahaba," akasema. Kisha akaniuliza vitunguu vinauzwaje.